Kukimbia, Kujificha, Kusajiliwa au Kusimama Hadharani: Ulinganisho wa Njia za Kanisa Linaloteswa

Mwaka 197, katika mji wa Karthago huko Afrika ya Kaskazini, mwandishi Mkristo aliyeitwa Tertullian aliwaandikia watawala wa Kirumi kwamba kila walipowafyeka Wakristo, Wakristo walizidi kuongezeka, kwa kuwa damu yao ni mbegu. Usemi huo umehubiriwa mara nyingi hata ukachukuliwa kama kanuni ya maumbile, kwamba penye mateso kanisa halina budi kukua. Lakini mji uleule uliotoa usemi huo ndio unaotulazimu kuupima. Mwaka 256 maaskofu 87 walikutana Karthago chini ya askofu Cyprian. Mwaka 411, walipokutana humo maaskofu wa makundi mawili yaliyofarakana, idadi yao ilipita 500. Kufikia 1076, katika eneo hilohilo, hawakupatikana hata maaskofu watatu waliohitajika ili kumweka wakfu mwingine, na baada ya hapo Ukristo wa wenyeji ulififia hadi ukazimika.

Jirani yake, kanisa la Misri, lilipita katika moto huohuo. Mateso ya Kaisari Diocletian yaliwaumiza Wakristo wa Misri kiasi kwamba kalenda yao huhesabu miaka tangu alipotawazwa mwaka 284, na huiita Enzi ya Mashahidi. Baadaye Misri nayo iliingia chini ya watawala Waarabu, tena mapema kuliko Karthago. Hata hivyo kanisa hilo liko hadi leo na lina mamilioni ya waumini. Sababu za tofauti hii ni nyingi, zikiwemo vita na kuhama kwa watu wenye uwezo kuelekea Ulaya, lakini mbili naziona kuwa kubwa. Huko Misri Maandiko yalianza kutafsiriwa kwa Kikopti tangu karne ya 3, nao watawa wa jangwani, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima, waliisali na kuiimba imani kwa lugha ya vijijini. Huko Karthago kanisa lilisali kwa Kilatini, lugha ya miji na ya utawala, na hakuna Biblia ya Kiberiberi, lugha ya wenyeji wa eneo hilo, iliyotufikia kutoka enzi hizo. Sababu ya pili ni mfarakano wa muda mrefu kuhusu watu walioshindwa wakati wa mateso, na hilo nitalirudia.

Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya wazee wa kanisa, wachungaji na waumini wa kawaida ambao, shinikizo linapoanza, hulazimika kuamua mambo mazito kwa siku chache: je, wahame, wajifiche, wakubali kusajiliwa kwa masharti ya dola, au waendelee kukutana hadharani na kuyapokea yatakayokuja? Kila njia kati ya hizo imewahi kulilea kanisa, na kila moja imewahi kulidhoofisha. Sitauliza ni ipi yenye ushujaa zaidi, maana ushujaa umeonekana katika zote. Nitauliza hivi: mchungaji akichukuliwa usiku wa leo, nani atabaki na Neno, atalisoma kwa lugha gani, atawafundishaje watoto, na yule aliyeshindwa kustahimili atarudi kwa mlango upi?

Kukimbia au kubaki

Ubishi huu ni wa kale. Tertullian mwenyewe, katika miaka yake ya baadaye, alifundisha kwamba Mkristo hana ruhusa ya kukimbia mateso, ilhali Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba baada ya kuuawa kwa Stefano waumini wa Yerusalemu walitawanyika wote isipokuwa mitume, nao wakalihubiri Neno kila walikofika. Ukisoma kwa makini utaona njia zote mbili katika tukio moja. Viongozi walibaki, waumini wa kawaida wakaondoka, na ni hao waliokimbia, watu ambao hata majina yao hayakuandikwa, walioanzisha kanisa la Antiokia ambalo baadaye lilimtuma Paulo kwa mataifa.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Cyprian. Kaisari Decius alipoamuru kila mkazi wa dola atoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha kwamba ametii, Fabian, askofu wa Roma, alibaki mahali pake na akauawa Januari 250. Cyprian alijificha nje ya Karthago. Makasisi wa Roma walimlaumu kwa barua iliyomgusia yule mchungaji wa mshahara aonaye mbwa mwitu akawaacha kondoo. Lakini kutoka mafichoni Cyprian aliendelea kuandika barua, akaelekeza jinsi ya kuwatunza maskini na wafungwa, akawazuia wenye haraka ya kuamua mambo ya kanisa bila baraza, huku Roma ikikaa zaidi ya mwaka mzima bila askofu. Aliporudi mwaka 251, tauni ilikuwa ikienea katika dola, naye akawapanga waumini kuwahudumia wagonjwa wote, hata wale waliokuwa wamewatesa. Miaka 7 baadaye, alipojua kwamba hukumu yake imefika, alikwepa kupelekwa katika mji jirani wa Utica ili afe mbele ya watu wake mwenyewe, naye akakatwa kichwa Karthago tarehe 14 Septemba 258. Mtu mmoja alikimbia, na mtu huyohuyo akangoja. Woga haukuwa sababu ya mara ya kwanza wala ujasiri haukuzaliwa ghafla mara ya pili. Mwaka 250 kanisa lilihitaji mtu wa kuliongoza likiwa limevurugika, na mwaka 258 lilihitaji kumwona askofu wake akishuhudia.

Ufaransa inatupa kipimo cha watu wengi badala ya mtu mmoja. Mfalme Louis XIV alipofuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, mwaka 1685, ibada ya Kiprotestanti ilipigwa marufuku, na katika miaka iliyofuata Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, wapatao 200,000 waliihama nchi. Walipokelewa London, Berlin, Uholanzi na hata Rasi ya Tumaini Jema, nao walikuwa baraka kubwa huko kwa ufundi wao na uchaji wao. Lakini wachungaji walikuwa wamefukuzwa nchini, na wenye mali na elimu ndio waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuondoka. Waliobaki, hasa katika milima ya Cévennes, walikuwa wakulima na wafumaji, na kwa miaka 30 ya kwanza walikaribia kuangamia kwa vita, vifungo na mahubiri ya watu waliodai maono. Ndipo mwaka 1715 kijana aitwaye Antoine Court, ambaye hakuwa hata na miaka 20, aliwaita wahubiri wachache wakutane kwa siri, wakachagua wazee wa kila kusanyiko na kurudisha nidhamu ya kanisa. Mwaka 1729 Court naye alikimbilia Lausanne. Alipofika huko alifanya kazi ambayo asingeweza kuifanya akiwa Ufaransa: alisaidia kuendesha shule ya kuwafundisha vijana waliorudi kwa siri kuwa wachungaji, wakijua kwamba wakikamatwa watanyongwa. Wakati huohuo Marie Durand alikuwa amefungwa katika mnara wa Constance, ambako alikaa miaka 38 na kuwatia moyo wanawake wenzake hadi alipofunguliwa mwaka 1768. Kanisa ambalo waumini wake walipata haki za kiraia kisheria mwaka 1787 lilikuwa tunda la mikono hiyo yote miwili, wa aliyebaki gerezani na wa aliyekimbia ili kuwatuma wengine.

Uganda ya mwaka 1977 inaonyesha jambo hilohilo kwa ufupi zaidi. Askofu Mkuu Janani Luwum alibaki, akauawa tarehe 16 Februari chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Askofu Festo Kivengere alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe hadi Rwanda, akaenda duniani kuwatafutia wakimbizi msaada na kuhubiri msamaha, kisha akarudi mwaka 1979 utawala huo ulipoanguka. Sioni haki ya kumsifu mmoja kwa kumshusha mwingine. Na huko Ethiopia, Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, alipofunguliwa njia ya kuondoka alikataa kuliacha kundi lake, akatekwa na kuuawa Julai 1979. Kanisa lake halikuyumba kwa kumkosa, kwa kuwa lilikuwa na wazee na wainjilisti wengi wenyeji waliokwisha kufundishwa.

Kwa hiyo mtu anayefikiria kukimbia ajiulize anachokibeba na kama anaweza kukirudisha. Anayebeba ujuzi wa kufundisha, kutafsiri, kuchapisha au kuombea msaada, na ambaye kukamatwa kwake kutawafichua wengine, anaweza kuondoka kwa dhamiri safi. Anayeondoka na sanduku la fedha la kanisa, asiyewaachia waliobaki mtu wa kuwabatiza wala wa kuwazika wafu wao, huyo amelidhuru kanisa kuliko mtesaji. Na kusanyiko lote lisishauriwe kuhama kana kwamba kila mmoja ana nauli, maana daima watabaki wazee, wagonjwa, wajane na wafungwa, na kanisa la kesho litaanza na hao.

Kujificha au kuonekana

Hapa pana utajiri mwingi wa historia, na pana udanganyifu pia, kwa sababu watu huzungumza juu ya kanisa la siri kana kwamba siri yenyewe ndiyo nguvu. Linganisha nchi tatu.

Japani ilimpokea Francis Xavier mwaka 1549, na mwanzoni mwa karne ya 17 Wakristo walikadiriwa kufika 300,000. Tarehe 5 Februari 1597 watu 26 walisulubiwa Nagasaki, marufuku ya jumla ikatolewa mwaka 1614, na baada ya uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638 nchi ilifunga milango yake. Watu walilazimishwa mwaka baada ya mwaka kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Maria. Kuhani wa mwisho aliuawa mwaka 1644, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 200, waumini waliosalia waliishi bila kuhani yeyote. Walikuwa na mbatizaji wa kijiji na mtunza kalenda, na sala walizozikariri kwa maneno ya Kilatini na Kireno ambayo maana yake ilififia kadiri vizazi vilivyopita. Tarehe 17 Machi 1865 wakulima wa Urakami walimwendea padri Bernard Petitjean katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, wakamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wake. Siwezi kulisoma tukio hilo bila kutetemeka. Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote: kutoka 300,000 walikuwa wamebaki makumi ya maelfu tu, na baadhi yao hawakujiunga tena na kanisa la wazi, kwa kuwa desturi walizorithi zilikwisha kuwa dini ya pekee yake. Siri ililihifadhi kanisa la Japani, nalo ni jambo kubwa, ila haikulikuza.

Sasa tazama Madagaska. Wamisionari walifika mwaka 1818, na kabla ya kuondolewa walikuwa wamefundisha watu wengi kusoma na kuikamilisha Biblia ya Kimalagasi, iliyochapwa mwaka 1835, mwaka uleule Malkia Ranavalona wa Kwanza alipowapiga marufuku raia wake kuwa Wakristo. Rasalama aliuawa kwa mkuki mwaka 1837, na mwaka 1849 wengine wakatupwa kutoka kwenye jabali la Ampamarinana mjini Antananarivo huku wengine wakichomwa moto. Waumini walizifukia Biblia ardhini na kuzificha mapangoni, wakakutana usiku, wakasomeana. Malkia alipofariki mwaka 1861, wale waliojitokeza walikuwa wengi kuliko wale walioachwa na wamisionari miaka 25 kabla yake. Hapa nitoe angalizo moja, kwamba umati mkubwa ulioingia kanisani baada ya Malkia Ranavalona wa Pili kubatizwa mwaka 1869 ulivutwa zaidi na kiti cha enzi, na si haki kuuhesabu kuwa mavuno ya mateso. Mavuno halisi ni yale ya miaka ya giza, ambayo ni madogo kwa idadi lakini yalikuwa na mizizi.

Ethiopia imelionyesha jambo hili mara mbili. Huko Wolaita, uvamizi wa Italia ulipowalazimu wamisionari kuondoka mwaka 1937, waliacha waumini waliobatizwa 48 na sehemu za Maandiko katika lugha ya wenyeji. Waliporejea baada ya vita walikuta waumini wapatao 10,000. Wenyeji walipigwa na kufungwa, nao waliendelea kuhubiri vijijini bila mshahara na bila kumngoja mgeni yeyote. Kisha mwaka 1982, chini ya Derg, utawala wa kijeshi wa kikomunisti, kanisa la Meserete Kristos lilifungwa, majengo yake yakachukuliwa na viongozi wake wakatiwa gerezani. Waumini walikuwa kama 5,000. Wakajigawa katika vikundi vidogo vya nyumbani, wanawake wakiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, kila kikundi kikifundisha, kuomba na kumfuatilia kila mshiriki, na kikiongezeka kinagawanywa. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1991, washiriki walikuwa wamefika 34,000 hivi.

Tofauti kati ya Japani kwa upande mmoja na Madagaska na Ethiopia kwa upande mwingine haikuwa ukali wa mateso tu, ingawa ni kweli kwamba udhibiti wa Japani ulikuwa mkali kupita kiasi na ulidumu vizazi vingi. Tofauti ilikuwa pia Neno lililoandikwa katika lugha ya mama, watu wa kawaida waliojua kulisoma, na ruhusa iliyotolewa mapema kwa waumini walei kufundisha na kukusanya. Wakristo wa Japani hawakuwa na Biblia nzima katika Kijapani, na makuhani wenyeji walikuwa wachache mno kwa wingi wa waumini. Kanisa ambalo sakramenti zake, mahubiri yake na ufunguo wa jengo lake vyote viko mikononi mwa mtu mmoja haliwezi kujificha kwa muda mrefu pasipo kunyauka, hata kama kila mshiriki wake yuko tayari kufa.

Kuna swali la pili ndani ya hili, nalo ni kama siri inageuka kuwa ukimya. Katika vikundi vya Meserete Kristos mtu alijificha dhidi ya serikali, lakini hakujificha mbele ya jirani aliyeanza kuuliza maswali. Nadhani hapo ndipo ukuaji hutokea. Mkutano unaweza kuwa wa siri ilhali maisha yako wazi: jirani hajui mnakutana lini, ila anajua nani alimpelekea maji alipougua na nani alikataa kutoa ushahidi wa uongo. Ikiwa usalama unadai kwamba hata tendo jema lifichwe kwa miaka na miaka, basi kikundi kitahifadhika na hakitaongezeka, na wazee wanapaswa kulijua hilo mapema ili wasiwalaumu waumini kwa kukosa matunda ambayo njia waliyochagua haiwezi kuyazaa.

Kusimama hadharani pasipo tahadhari yoyote kuna mahali pake, lakini ni padogo kuliko mahubiri yetu yanavyodai. Hati ya Decius au kiapo cha kumkana Kristo hakiachi njia ya kati, na hapo Mkristo hana la kuchagua. Lakini kumtafuta askari ili akukamate, jambo ambalo Cyprian aliwakataza waumini wake, kunaweza kuwavuta gerezani na wale ambao bado hawajakomaa. Mwenye kuchagua hadhara ahakikishe kwamba anahatarisha nafsi yake mwenyewe, wala si majina yaliyo katika daftari lake.

Kusajiliwa au kukataa

Hili ndilo chaguo linalowagawa ndugu kwa uchungu zaidi, kwa sababu anayekubali humwona mwenzake kuwa mkaidi, na anayekataa humwona mwenzake kuwa msaliti.

Mwaka 1927, katika Umoja wa Kisovyeti, Metropolitani (askofu mkuu) Sergius alitoa tamko la uaminifu kwa serikali akitumaini kuliokoa Kanisa la Kiorthodoksi. Kufikia 1939 walibaki huru maaskofu wanne tu katika nchi nzima, yeye akiwa mmojawapo. Utii wake haukuyazuia mauaji ya miaka ya 1937 na 1938. Kilichobadilisha hali ni vita: Septemba 1943 Stalin aliwaita maaskofu wakuu watatu na kuruhusu kanisa limchague patriaki, yaani mkuu wake, kwa kuwa alihitaji moyo wa taifa. Anayefikiri kwamba usajili ni mkataba utakaoheshimiwa akumbuke miaka hiyo 16.

Wabaptisti wa nchi hiyohiyo wanatupa somo lililo gumu na lenye faraja zaidi. Mwaka 1960 uongozi wa umoja wao uliosajiliwa uliwatumia wachungaji maagizo, chini ya shinikizo la serikali, ya kupunguza ubatizo wa vijana na kuwaweka watoto mbali na ibada. Mwaka 1961 kikundi kilikataa, kikajitenga, na wengi wao wakafungwa kwa miaka mingi huku wakichapa Biblia kwa mitambo ya siri. Waliobaki ndani ya umoja uliosajiliwa wangeweza kuhukumiwa kuwa wamepotea, lakini tazama kilichotokea: mwaka 1963 umoja huo uliruhusiwa kufanya mkutano mkuu na ukayalegeza masharti yale, kwa sababu serikali iliogopa kuwapoteza waumini wote kwa waliokataa. Wafungwa waliwapatia nafasi ya kupumua ndugu waliowalaumu. Na baadhi ya waliosajiliwa waliwalisha watoto wa wafungwa. Ninaamini kwamba katika hali nyingi njia hizi mbili huhitajiana, hata pale ambapo wanaozifuata hawasalimiani.

China inathibitisha hivyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1949 Waprotestanti walikuwa takriban milioni moja. Kanisa linalotambuliwa na serikali lilipangwa chini ya vuguvugu la kujitegemea katika miaka ya 1950, na waliokataa kujiunga walikamatwa. Kisha Mapinduzi ya Kitamaduni, kuanzia 1966, yakayafunga makanisa yote, yaliyosajiliwa na yasiyosajiliwa bila tofauti, hadi milango ilipoanza kufunguliwa tena mwaka 1979. Leo Wakristo huko wanakadiriwa kwa makumi ya milioni. Makanisa ya nyumbani ndiyo yaliyoeneza imani vijijini katika miaka ambayo hapakuwa na jengo lolote, lakini makanisa yaliyosajiliwa ndiyo yaliyofungua vyuo na kuwezesha kiwanda cha Nanjing kuchapa Biblia kwa mamilioni, na nyingi zilisomwa nyumbani mwa wale waliokataa usajili. Wakati huohuo, usajili haukulilinda kanisa kubwa la Sanjiang mjini Wenzhou lililobomolewa Aprili 2014, wala misalaba ya makanisa mengi ya mkoa huo iliyoondolewa.

Kwa hiyo jambo la kuchunguza ni masharti yenyewe, moja baada ya jingine. Sharti la kutoa idadi ya washiriki au kutangaza saa za ibada ni la kuudhi, ila linaweza kuvumilika. Sharti la kukabidhi orodha ya majina linahitaji sala nyingi na ridhaa ya kila mtajwa. Lakini dola inapodai kumchagua mchungaji, kusahihisha mahubiri, au kuwazuia watoto wasifundishwe, inadai kile kinacholifanya kanisa liendelee, na hapo jengo la kisheria limenunuliwa kwa bei ya kizazi kijacho. Sharti la watoto ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halitoi damu, halileti kelele, na matokeo yake huonekana baada ya miaka 20, wakati hakuna tena wa kulalamika. Kusanyiko likiona kwamba haliwezi kukataa usajili, basi liwe na mafundisho ya nyumbani yaliyopangwa vizuri kabla ya kutia saini.

Mlango wa kurudia

Njia yoyote itakayochaguliwa, wapo watakaoshindwa. Mwaka 250 wengi sana walitoa sadaka au walinunua hati za uongo. Kanisa lilikuwa na majibu matatu. Wapo waliotaka warudishwe mara moja, kwa neno la wafungwa waliosifika kwa kuistahimili imani. Wapo, kama Novatian wa Roma, waliosema kanisa halina mamlaka ya kuwapokea kabisa. Cyprian na baraza la Karthago la mwaka 251 walichagua toba ya kweli iliyopimwa kwa uzito wa kosa, na wanaokaribia kufa wapokewe. Mateso mapya chini ya Kaisari Gallus yalipoonekana kukaribia, waliwapokea wote waliokuwa wakitubu, wakisema kwamba anayepelekwa vitani hawezi kunyimwa silaha. Baadhi ya walioanguka hapo awali walisimama mara ya pili.

Baada ya mateso ya miaka ya 303 hadi 305, katika mji huohuo, hekima hiyo ilikosekana. Walioyakabidhi Maandiko kwa askari waliitwa wasaliti, ikabishaniwa kama sakramenti zao ni halali, na waliowakataa, walioitwa Wadonati, wakajitenga na kuwa na maaskofu wao katika karibu kila mji. Wale zaidi ya 500 waliokutana mwaka 411 walikuwa mashahidi wa nyumba iliyogawanyika. Kosa halikuwa la upande mmoja, kwa sababu wapinzani wa Wadonati walikubali nguvu za dola zitumike dhidi yao.

Wakristo wa siri wa Japani, waliokuwa na machache sana mikononi, walikuwa nalo jambo hili. Wakishalazimishwa kuikanyaga sanamu, walirudi nyumbani na kusali sala ya majuto, na mwaka uliofuata wakafanya hivyo tena. Huenda wengine wataona huo ni udhaifu, lakini pasipo sala hiyo asingebaki mtu wa kwenda Oura mwaka 1865.

Kwa sababu hiyo, nawasihi wazee wa kanisa wakubaliane juu ya njia ya toba kabla mtu yeyote hajakamatwa, waiandike mioyoni mwao kama si kwenye karatasi, na wawaambie waumini waziwazi kwamba ipo. Mtu anayejua kwamba akianguka hatapokewa tena, akianguka ataficha, na anayeficha huweza kulazimishwa kuwataja wengine ili siri yake itunzwe. Wang Mingdao, mchungaji wa Beijing aliyekataa kujiunga na kanisa lililotambuliwa na serikali, alikamatwa mwaka 1955, na gerezani akavunjika moyo, akatia saini maungamo aliyoandaliwa, akaachiliwa mwaka 1956 akiwa amejaa aibu. Baadaye aliyakana maungamo yale, akarudishwa gerezani, na hakutoka hadi 1980. Alikuwa mzee, karibu kipofu, na kwa miaka iliyobaki ya maisha yake huko Shanghai waumini kutoka mbali walikuja kuketi katika chumba chake ili awafundishe, wakijua vizuri kwamba aliwahi kutia saini.